Kim Martin: Kipa chipukizi wa Sweden aliyewazima Wamarekani Turin

IJUMAA ya Februari 17, 2006, Wakenya wachache waliofuatilia Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi walikuwa na sababu moja tu ya kufanya hivyo. Philip Boit, mwanariadha kutoka Bonde la Ufa aliyeacha mbio za kawaida akajifunza kuteleza kwenye theluji, alikuwa akishiriki shindano la kilomita 15 huko Pragelato, katika milima ya Italia.

Siku hiyo hiyo, mjini Turin, msichana wa umri wa miaka 19 kutoka Stockholm alivaa mavazi mazito ya ulinda lango, akateleza hadi kwenye goli la Sweden na kuwanyima Wamarekani nafasi ya kucheza fainali ya hoki ya barafuni ya wanawake. Jina lake ni Kim Martin.

Nakiri kosa. Jioni ile nilikuwa zamu katika dawati la michezo. Taarifa ya mechi hiyo ilipoingia niliikata hadi ikabaki aya moja, nikaisukuma chini kabisa ya ukurasa ili nipate nafasi ya habari za soka ya Uingereza. Hoki ya barafuni, tena ya wanawake, nani angeisoma? Miaka mingi baadaye ningali nauona uamuzi huo kuwa miongoni mwa makosa yangu makubwa ya kazi, na makala haya ni malipo ya deni hilo.

Ili msomaji auone uzito wa tukio lile, hana budi kuufahamu mchezo wenyewe. Hoki ya barafuni huchezwa na wachezaji sita kila upande, kipa akiwa mmoja wao, juu ya uwanja wa barafu ambao kwa vipimo vya kimataifa vya wakati huo ulikuwa na urefu wa mita 60 na upana wa mita 30. Wachezaji huvaa viatu vyenye makali ya chuma na kupiga kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu kati ya 156 na 170. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Anayecheza visivyo hutolewa nje kwa dakika mbili, na timu yake hulazimika kuhimili pengo lake muda huo wote isipokuwa ifungwe kabla haujaisha. Kwa wanawake, sheria za kimataifa za wakati huo zilikataza kumgonga mwenzio kwa mwili kwa makusudi. Wakazi wa Nairobi waliowahi kukanyaga barafu ya hoteli ya Panari, kando ya Barabara ya Mombasa, wanajua kwamba hata kusimama tu ni kibarua.

Lango lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Anayependa hesabu ataona kwamba malango manane ya hoki yanaenea barabara ndani ya lango moja la soka. Udogo huo usimdanganye mtu. Kisahani huja kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, aghalabu kikiwa kimepotoshwa njiani na gongo au mguu wa mchezaji mwingine, ilhali mbele ya kipa pamejaa watu wanaomziba asione. Kipa hodari haokoi kwa wepesi wa mikono pekee. Hujua mahali pa kusimama kabla mkwaju haujapigwa, akampunguzia mshambuliaji nafasi hadi asione pa kulenga. Ujuzi huo kwa kawaida huchukua miaka mingi kukomaa, ndiyo sababu makipa wengi hufikia kilele chao wakati wenzao wa mbele wameanza kuchoka.

Kim Martin hakungoja. Alizaliwa Stockholm mnamo Februari 28, 1986, katika taifa ambalo kwalo hoki ya barafuni ni kama riadha kwa watu wa Iten. Hata hivyo, fahari hiyo ilikuwa ya wanaume. Mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake yanayotambuliwa na shirikisho la kimataifa yalifanyika mwaka wa 1990 mjini Ottawa, Kanada, wakati Martin alikuwa na miaka minne. Wanawake hawakuruhusiwa kuucheza mchezo huo katika Olimpiki hadi Nagano, Japani, mwaka wa 1998. Sweden ilimaliza ya tano kati ya timu sita. Wasichana wa kizazi chake waliotaka kucheza aghalabu walifanya mazoezi pamoja na wavulana, kwa kuwa timu za wasichana wadogo zilikuwa za kuhesabika.

Mwaka wa 2001 mambo yalizidi kuharibika, Sweden ikamaliza ya saba katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Minnesota, Marekani. Kamati ya Olimpiki ya Sweden, ambayo haina mazoea ya kupeleka watalii kwenye michezo, ilisitasita. Je, palikuwa na haja ya kulipia safari ya timu ya wanawake hadi Salt Lake City mwaka uliofuata? Hatimaye timu ilikubaliwa. Kwenye orodha ya makipa lilikuwamo jina la mwanafunzi wa miaka 15.

Waliotilia shaka walipata ushahidi wao mapema. Kanada iliicharaza Sweden 11-0 katika mechi za makundi, na katika nusu fainali Marekani ikaishinda 4-0. Ikabaki mechi ya kuwania nishani ya shaba dhidi ya Finland, jirani na hasimu wa jadi, iliyokuwa imeizoea nafasi ya tatu kama mtu azoeavyo kiti chake barazani. Finland ndiyo iliyokuwa imetwaa shaba ya Nagano, na kabla ya 2001 hapakuwa na mashindano ya dunia ambayo haikuipata.

Langoni alisimama Kim Martin. Sweden ilishinda 2-1. Juma moja baadaye mlinda lango huyo alitimiza miaka 16. Umri huo kwetu ni wa mwanafunzi wa shule ya upili anayehangaikia mitihani, na yeye tayari alikuwa na nishani ya Olimpiki kabatini.

Kuna jambo moja la kuzingatia hapo. Timu hiyo ilikuwa karibu iachwe nyumbani kwa hoja kwamba haikuwa na kiwango. Kama hoja hiyo ingeshinda, kipa huyo angekosa mechi iliyomfunza kusimama mbele ya halaiki akiwa na jukumu la taifa zima mabegani, na huenda yaliyotokea miaka minne baadaye yasingetokea kamwe. Viongozi wa michezo wa nchi nyingi hupenda kusema kwamba timu ya wanawake itasaidiwa ikianza kushinda. Ni sawa na kumwambia mkulima kwamba atapewa mbegu akishavuna.

Baada ya Salt Lake City, Sweden ilikabidhiwa kocha Peter Elander, na timu ikaanza kuandaliwa kwa dhati. Mwaka wa 2005 iliandaa mashindano ya dunia katika miji ya Linköping na Norrköping, ikatwaa shaba, ambayo ilikuwa nishani yake ya kwanza katika mashindano hayo. Bado hapakuwa na mtu aliyedhani kwamba ingewagusa wakubwa wawili. Tangu 1990, kila fainali ya dunia na kila fainali ya Olimpiki ya wanawake ilikuwa kati ya Kanada na Marekani. Hapakuwa na taifa jingine lililowahi kuifikia hata moja. Marekani ilikuwa haijawahi kushindwa na timu yoyote isipokuwa Kanada katika mashindano hayo, na Sweden haikuwa imewahi kuishinda hata mara moja.

Hali hiyo ilikuwa imeanza kuuhatarisha mchezo wenyewe. Julai 2005, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipiga kura kuiondoa softiboli, pamoja na besiboli, katika Michezo ya 2012. Kura ilikuwa ya siri, lakini wengi waliihusisha na ubabe wa Marekani, ambayo mjini Athens mwaka wa 2004 ilifunga alama 51 na kufungwa moja tu hadi ikatwaa dhahabu. Mashabiki wa hoki ya wanawake walikuwa na kila sababu ya kuingiwa na wasiwasi. Wasiwasi uliongezeka pale Turin, Kanada ilipofungua dimba kwa kuwanyuka wenyeji Italia 16-0, kisha ikailaza Urusi 12-0. Sweden nayo ilipigwa 8-1 na Kanada hao hao. Magazeti yakaanza kuuliza kama kulikuwa na maana ya kuendeleza mashindano ambayo washindi wake walijulikana kabla ya tiketi kuuzwa.

Katika hali hiyo ndipo ilipofika nusu fainali ya Februari 17.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama yalivyotarajiwa. Marekani ilitangulia kwa mabao mawili kwa nunge, na waliozoea kuandika taarifa za mechi kabla hazijakwisha bila shaka walikuwa wameshaanza kuchapa. Katika kipindi cha pili, Maria Rooth, mshambuliaji mzoefu wa Sweden, alifunga bao, na kabla Wamarekani hawajatulia akafunga la pili. Hilo la pili lilikuwa la aina yake, kwani lilipatikana wakati Sweden ikicheza pungufu baada ya mwenzao kutolewa. Kwa kawaida timu pungufu hujikunyata mbele ya lango lake ikiomba dakika mbili zipite. Rooth aliona upenyo akautumia. Mabao yakawa 2-2.

Tangu hapo ikawa kazi ya Kim Martin. Marekani ilipiga mikwaju 39 iliyolenga lango katika mechi nzima, zaidi ya maradufu ya ile ya Sweden, naye akaokoa 37. Kipindi cha tatu kikaisha bila bao, na muda wa ziada nao pia. Aliyewahi kuitazama mechi ya aina hiyo anajua jinsi hali inavyogeuka polepole. Timu kubwa huanza kupiga kwa haraka, halafu kwa hasira, halafu kwa woga. Timu ndogo nayo huanza kuamini kila mara kipa wake anapoinuka barafuni na kisahani kikiwa ndani ya glavu.

Ikaja mikwaju ya penalti. Katika hoki penalti si kama ya soka, ambapo mpigaji na kipa hutazamana kutoka mahali palipowekwa alama. Mshambuliaji huanza katikati ya uwanja, huja peke yake na kisahani akiteleza kwa kasi, naye kipa hutoka langoni kumpokea. Anayetishika kwanza ndiye anayeshindwa. Wamarekani walikuja mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyempita Martin. Kwa upande wa Sweden alifunga Pernilla Winberg, msichana wa miaka 16 aliyekuwa abakishe juma moja kutimiza 17, kisha Rooth akaja kuukata mzizi wa fitina. Sweden 3, Marekani 2.

Kulikuwa na waliolifananisha tukio hilo na lile la 1980 mjini Lake Placid, vijana wa Marekani walipoishinda timu ya Umoja wa Kisovieti iliyokuwa ikiogopwa ulimwenguni kote. Safari hii Wamarekani walikuwa upande wa pili wa hadithi. Nafikiri mfano huo unafaa, ila una upungufu mmoja. Wale wa 1980 walipewa filamu, vitabu na nafasi katika historia ya taifa lao. Wanawake wa Sweden walipata furaha ya siku chache, kisha siku tisa baada ya mechi hiyo wanaume wa Sweden wakaishinda Finland 3-2 na kutwaa dhahabu mjini humo humo, na sehemu kubwa ya makofi ikahamia kwao.

Fainali ilichezwa Februari 20 na Kanada ikashinda 4-1. Ikumbukwe kwamba Kanada hiyo ilikuwa imewafunga Waswidi mabao manane siku chache tu kabla. Martin aliteuliwa kipa wa kikosi bora cha mashindano, na Rooth akawa mmoja wa washambuliaji wa kikosi hicho. Juma moja na siku moja baada ya fainali, mlinda lango huyo aliadhimisha miaka 20. Nishani mbili za Olimpiki, shaba na fedha, kabla ya kuuaga ujana wa miaka ya kumi na kitu.

Hapa naomba niseme neno kuhusu sisi waandishi. Katika kurasa za michezo za Kiswahili tumejizoesha kuziita timu za wanawake "vipusa" au "vidosho", kana kwamba wamekuja uwanjani kushindania urembo. Mimi mwenyewe nimeyaacha maneno hayo yapite katika vichwa vya habari mara zisizohesabika, kwa kuwa ni mafupi na yanaenea katika safu moja. Nilipokuwa nikiisoma upya taarifa ya mechi ile ya Turin nilijiuliza ningemwitaje Martin, ambaye usiku ule sura yake ilifichwa kabisa nyuma ya kinyago cha chuma. Jibu nililolipata ni "kipa".

Mwaka huo huo wa 2006 alivuka bahari kwenda Marekani, nchi ile ile aliyoiumiza, kujiunga na Chuo Kikuu cha Minnesota Duluth. Huenda jambo hilo likamshangaza msomaji, lakini lilikuwa la kawaida. Sweden haikuwa na ligi ya kitaifa ya wanawake yenye ushindani wa kutosha. Ligi ya juu ya nchi nzima ilianzishwa mwaka wa 2007. Vyuo vikuu vya Marekani vilikuwa na viwanja, makocha wa kulipwa, ufadhili wa masomo na mechi ngumu kila wikendi. Maria Rooth na nahodha Erika Holst walikuwa wamesomea chuo hicho hicho na kushiriki katika ushindi wake wa ubingwa wa vyuo miaka ya 2001, 2002 na 2003. Kwa maneno mengine, waliowafundisha Waswidi jinsi ya kuwashinda Wamarekani ni Wamarekani wenyewe. Wakenya waliowaona vijana wetu wa mbio wakienda kukimbilia vyuo vya Texas na Alabama wataielewa biashara hiyo bila kuelezwa.

Duluth ni mji wa bandari kando ya Ziwa Superior, wenye baridi isiyo na huruma. Machi 2008 fainali za vyuo ziliandaliwa hapo hapo. Wapinzani katika fainali walikuwa Wisconsin, mabingwa watetezi ambao mwaka uliotangulia walikuwa wameishinda Duluth katika fainali 4-1. Safari hii Duluth iliilipiza kwa 4-0. Martin hakufungwa hata bao moja, akatangazwa mchezaji bora wa mashindano hayo ya mwisho. Kati ya hayo yote alikuwa bado akiitumikia timu ya taifa, ambayo mwaka wa 2007 ilitwaa tena shaba ya dunia mjini Winnipeg, Kanada.

Kufikia hapo mtu angedhani kwamba njia ilikuwa imefunguliwa. Ukweli ni kwamba kilele kilikuwa kimekwisha kupita, na si kwa sababu ya kipa. Katika Olimpiki za Vancouver mwaka wa 2010 Marekani iliilima Sweden 9-1 katika nusu fainali, kisha Finland ikaipokonya shaba kwa kuishinda 3-2 katika muda wa ziada. Katika michezo hiyo hiyo, rais wa wakati huo wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, Jacques Rogge, alionya hadharani kwamba hoki ya wanawake haingeweza kuendelea kubaki katika Olimpiki pasipo mataifa mengine kuboreka. Hoja ya 2005 ilikuwa imerudi.

Mwaka wa 2014 huko Sochi, Urusi, Martin alikuwa kikosini kwa Olimpiki yake ya nne, safari hii akiwa na jina la ndoa, Kim Martin Hasson. Sweden ilifika tena nusu fainali, ikashindwa tena na Marekani, 6-1. Katika mechi ya kuwania shaba iliongoza Uswisi kwa mabao mawili kwa nunge hadi mwisho wa kipindi cha pili, kisha ikafungwa manne na kushindwa 4-3. Msomaji makini atakumbuka ni nani aliyeongoza mabao mawili kwa nunge kule Turin.

Miaka yake ya mwisho ya kucheza aliitumia na klabu ya Linköping, iliyonyakua ubingwa wa Sweden mwaka wa 2014 na tena 2015. Alipotundika viatu hakuuacha mchezo. Aliingia katika usimamizi wa timu ya wanawake ya klabu hiyo.

Lililofuata halimhusu yeye binafsi, lakini bila hilo kisa hiki kitakuwa nusu. Aprili 2019, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Espoo, Finland, timu ya wanawake ya Sweden ilishushwa daraja. Taifa lililoshiriki kila mashindano ya kiwango cha juu tangu 1990 likatolewa nje. Kinaya ni kwamba katika mashindano hayo hayo Finland ilifika fainali, ikawa timu ya kwanza nje ya Kanada na Marekani kufanya hivyo katika mashindano ya dunia. Ilishindwa na Marekani kwa mikwaju ya penalti. Mlango ambao Sweden iliuvunja mwaka wa 2006 ulipitiwa na jirani yake.

Agosti mwaka huo huo, wachezaji 43 walioitwa kambini walikataa kwenda. Waliyodai hayakuwa makubwa. Walitaka fidia ya mshahara kwa siku wanazokosa kazini wakiitumikia timu ya taifa, kwa kuwa wengi wao walikuwa na ajira nyingine za kuwapa riziki. Walitaka bima, mpangilio bora wa safari, mavazi yaliyoshonwa kwa vipimo vya wanawake, na mpango wa kuwakuza wasichana wanaochipukia. Mashindano madogo yaliyokuwa yafanyike Finland mwezi huo yakavunjika. Shirikisho la Sweden na chama cha wachezaji vilifikia mapatano Oktoba.

Nimeyasoma madai hayo mara kadhaa, na kila mara naishia kuutazama tena mwaka wa 2006. Nchi ilikuwa na nishani ya fedha mkononi, ilikuwa na kipa wa miaka 19 na mfungaji wa miaka 16, kisha ikapitisha miaka 13 bila kuhakikisha kwamba waliowafuata wana jezi zinazowatosha. Si Sweden pekee, bila shaka. Wanaoijua hali ya timu zetu za wanawake za voliboli na soka, jinsi zinavyolakiwa kwa ngoma uwanja wa ndege kisha zikasahauliwa hadi safari nyingine, hawahitaji kusafiri hadi Stockholm. Ila Sweden ni nchi tajiri inayojivunia usawa wa jinsia, na ndiyo sababu kisa chake kinakera zaidi.

Katika ligi, angalau, mambo yalisonga. Mashindano yale yaliyoanza 2007 yalibadilishwa jina mwaka wa 2016 yakawa SDHL, na wachezaji kutoka Finland, Marekani na Kanada wakaanza kwenda Sweden kutafuta mechi, kinyume na safari aliyoifunga Martin alipokuwa kijana. Klabu ya Luleå, kaskazini ya mbali ambako jua la Desemba huonekana kwa saa chache tu, ikawa nguzo ya ligi hiyo. Mwaka wa 2022 timu ya taifa ilirejea katika daraja la juu la dunia.

Januari 2023, mashindano ya dunia ya wasichana wa umri usiozidi miaka 18 yalifanyika Östersund, Sweden. Waliokuwa wakubwa zaidi miongoni mwa wenyeji walikuwa na mwaka mmoja hivi wakati wa mechi ile ya Turin. Katika nusu fainali walikutana na Marekani, wakashinda 2-1. Siku iliyofuata nilifungua kurasa zetu za michezo kutazama kama kuna aliyeipa habari hiyo japo aya moja. Katika fainali Kanada iliwafunga 10-0.